Zefania Mwakipesile, Aliyeisugua Pembe kwa Ndimu

Marehemu Zefania Asajile Mwakipesile alizaliwa tarehe 14 Mei 1956 katika misheni ya Rungwe, karibu na Tukuyu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Asajile Mwakipesile na mama Subilaga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mvua ilinyesha kutwa nzima, na wageni waliokuja kumwona mtoto walishindwa kuondoka, wakalala palepale mpaka kesho yake. Kwa hiyo Zefania aliianza dunia katika nyumba iliyojaa watu, na hakuna siku aliyopenda nyumba tupu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akamaliza darasa la saba. Masomo yalikwenda hivyohivyo, si mabaya wala si ya kusimulia. Kilichomshika kilikuwa bendi ya matarumbeta ya kanisa. Alipofika darasa la tano mwalimu wa bendi alimpa besi, ile tarumbeta kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiye mtoto pekee aliyeweza kuibeba bila kuanguka nayo.

Wamoraviani waliopo hapa wanajua utaratibu, ila kwa wasiojua tuuseme. Pasaka ikifika, watu huamka kabla ya jua wakaenda makaburini, na bendi husimama katikati ya makaburi ikapiga wakati jua linachomoza, kuwaambia waliolala kwamba Bwana amefufuka. Sasa huwezi kwenda kuwaamsha watu na tarumbeta chafu. Kwa hiyo Jumamosi ya kuamkia Pasaka bendi nzima hukaa chini na ndimu, chumvi na majivu, wakasugua shaba mpaka mtu aione sura yake humo. Zefania alifanya hivyo kila Jumamosi ya Pasaka kwa miaka thelathini na miwili. Hata alipokuwa na malaria, mwaka 1983, alisugua akiwa amelala kwenye mkeka.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha chai, kwanza kutia mashine mafuta, baadaye ulinzi wa lango. Tarehe 22 Septemba 1990 alifunga ndoa na Bupe, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya, ambaye anasema alimchagua kwa sababu alikuwa mwanamume pekee wa bendi aliyefika mazoezini kabla yake. Mungu akawajalia Edna, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1992.

Mwaka 2000 Zefania alipata bahati nasibu ya viza ya Marekani. Nauli ilitosha mtu mmoja. Walikaa wakapanga, wakakubaliana atangulie, awaombee makaratasi, wamfuate. Tarehe 16 Septemba 2000 aliagana na Bupe na Edna uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Walidhani ni mwaka mmoja, ikiwa vibaya sana, miwili.

Alifikia Langley Park, Maryland, akapanga chumba pamoja na bwana Gitau, Mkenya wa Nyeri anayehudumia wazee, ambaye yupo nasi leo na ameomba isisemwe anavyokoroma. Zefania aliosha vyombo hotelini, akafua mashuka ya hospitali, na mwezi wa Februari 2002 kampuni moja ya ulinzi ikamwajiri na kumpeleka kulinda makumbusho madogo ya Wayahudi mjini Washington.

Nje ya makumbusho hayo ipo sanamu. Ni pembe ya kondoo dume, ile wanayopuliza Wayahudi katika sikukuu zao, imetengenezwa kwa shaba, imeota toka kwenye saruji mpaka kupita kimo cha watu wawili, na mdomo wake umeinama kuelekea barabarani kama unaowaambia neno wapita njia. Yote ilikuwa ya kijani. Siku ya kwanza Zefania aliizunguka mara tatu. Jioni akamwambia Gitau, "Wana tarumbeta kubwa kuliko ya kwetu, lakini wameiacha inyeshewe mpaka imeota ukungu. Yaani hakuna hata mmoja wa kuifuta."

"Labda hawana time," Gitau akasema.

"Watu wana wakurugenzi wawili na askari wanne, wakose wa kuifuta?"

Miaka mitatu aliipita hivyo kila asubuhi, akiionea huruma. Na miaka mitatu hiyo makaratasi ya Bupe yalikuwa kwenye foleni. Mwanzoni mwa mwaka 2005 zamu yao ikafika. Bupe na Edna waliitwa kwenye mahojiano ya viza katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Juni 2005, na Zefania akatakiwa apeleke barua ya mwajiri kuonyesha kwamba ana kazi ya kuwalisha. Bila kazi hakuna barua, na bila barua wangerudishwa mwisho wa foleni. Edna aliagana na baba yake akiwa na miaka minane. Sasa alikuwa na kumi na mitatu, na kwenye simu sauti yake ilishakuwa ya msichana asiyemjua.

Ndipo ikaja Jumamosi tarehe 26 Machi, kesho yake Pasaka. Jumamosi ni sabato ya Wayahudi, kwa hiyo makumbusho hufungwa, na askari hubaki peke yake mlangoni kutwa nzima. Pasaka nne zilizopita Zefania alikuwa amezipitisha bila besi, maana aliiacha Rungwe, na kila Jumamosi ya namna hiyo mikono ilimwasha. Siku hiyo alikuwa na mikono, alikuwa na siku tupu, na mbele yake kulikuwa na pembe chafu.

Ijumaa jioni alikuwa ameshaanza kuhangaika. Ndimu hazikuwa tabu, maduka ya Wasalvado, wahamiaji wa Amerika ya Kati waliojaa Langley Park, yamejaa ndimu. Tabu ilikuwa majivu.

"Majivu utatoa wapi, mzee," Gitau akamwambia, "na hapa tunapika na stima? Na ni ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi gani ya askari inataka majivu?"

Zefania alishuka chini kwa majirani waliokuwa wakichoma nyama uani, akawaonyesha kikopo kwa ishara, nao wakamjazia wakicheka.

Alianza saa tatu asubuhi, akapanda kwenye ngazi ya bohari, akaanza mdomoni, kama alivyofundishwa. Majirani wa mtaa walipita na mbwa wao wakampungia mkono, maana alikuwa amevaa sare. Mpaka saa kumi jioni alikuwa amemaliza mdomo wote na urefu wa mkono mmoja kushuka chini, na sehemu ile iliwaka kama jua. Kilichobaki aliona atamalizia Pasaka ijayo, Mungu akipenda. Jumapili alikwenda ibadani kwetu Hyattsville akiwa amechoka mabega, na aliyemuuliza mbona anacheka peke yake alimjibu kwamba amewapa watu zawadi.

Jumatatu alifika kazini amenyoa. Akakuta utepe wa polisi umezungushiwa pembe. Mkurugenzi, Bi Judith Perlman, mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe, alikuwa amesimama kwenye ngazi na macho mekundu.

"Bwana Zefania, afadhali umefika," akamwambia. "Kuna mtu ametushambulia. Ameimwagia tindikali."

Zefania alikuwa ameshafungua mdomo apokee asante. Akaufunga. Mama huyo alimweleza kwamba tangu jana simu hazijakoma, kwamba wazee wawili wa halmashauri walilia mlangoni, kwamba polisi wamekwangua kile kilichobaki kwenye shaba wakakipeleka maabara. Kamera zinaangalia mlango tu, hazikuona kitu. Akamuuliza kama Jumamosi alimwona mtu wa ajabu.

"Sikumwona," akasema Zefania. Na huo ulikuwa uongo pekee tunaoujua wa maisha yake, ingawa ukiupima vizuri haukuwa uongo kabisa.

Jioni hiyo hakula. Alimweleza Gitau yote, jikoni. Gitau aliacha kukatakata mboga ya sukuma.

"Kwanza pole. Pili, nyamaza," akasema. "Hiyo kamera haikukuona. Usijichome, mzee. Juni saba iko hapo tu. Chukua barua ya mama Edna kwanza, halafu mambo ya ndimu utawaambia wakiwa wamefika, tukinywa chai."

"Wanaogopa, Gitau. Wanadhani kuna mtu anawachukia."

"Wataogopa wiki kumi. Halafu wataacha."

"Yule mama alikuwa analia."

"Na Bupe atalia miaka mingapi?"

Bwana Gitau mwenyewe ndiye anayetusimulia kwamba mzee alikaa pale mezani akikunja mikono ya shati, mara mbili kila upande. Wote tuliomjua tunajua maana yake. Hakuwahi kusema jambo zito mikono ikiwa imeshuka.

Jumanne asubuhi aliingia ofisini kwa Bi Perlman bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ni mimi, mama," akasema. "Pembe ni mimi."

Bi Perlman hakuelewa. Ilibidi Zefania atoe ndimu mfukoni na kuiweka mezani, juu ya makaratasi ya polisi.

"Ndimu?"

"Ndimu, mama. Na majivu. Na chumvi kidogo."

"Majivu ya nini?"

"Ya kuchomea nyama. Niliona imechafuka. Nikadhani hamna wa kuifuta."

Mama huyo aliinua simu akawapigia polisi ili waache kutafuta, na akiwa bado anaongea nao maabara nao wakapiga kwa simu ya pili. Walikuwa wamegundua kemikali. Walisema ina uchachu wa matunda. Bi Perlman aliweka simu zote mbili chini akacheka mpaka akashika meza. Halafu akampeleka Zefania nje, akamweleza taratibu. Kijani kile hakikuwa uchafu. Mchongaji, ambaye alishafariki, alikaa majuma akiipika shaba kwa moto na dawa ili itoke na rangi ile, kusudi pembe ionekane kama imefukuliwa ardhini. Maana yake ni kwamba kuna watu walitaka kuizika isisikike tena, na bado ipo, na bado inaita.

Zefania aliitazama ile sehemu iliyong'aa. Alitusimulia kwamba hajawahi kuona haya kama siku ile, hata alipokuwa mtoto. "Nimefuta kaburi lao," akasema.

"Umelifuta vizuri sana," Bi Perlman akasema. "Hilo siwezi kukunyima."

Kampuni ya ulinzi haikucheka. Alhamisi walimnyang'anya kitambulisho na sare, na Zefania akarudi Langley Park na koti la kuazima. Zilibaki wiki tisa na siku kadhaa. Gitau hakumwambia "nilikuambia," na kwa hilo Zefania alimshukuru mpaka kufa. Alimwambia tu kwamba kule anakofanya kazi wanahitaji mtu wa kufua, na kwamba barua ya mtu aliyeanza kazi wiki iliyopita hakuna ubalozi utakaoiheshimu, lakini wajaribu.

Wakati huohuo makumbusho walimleta fundi wa shaba kutoka Baltimore airudishie pembe rangi yake. Fundi alipanda ngazi, akapapasa pale palipong'aa, akauliza nani alipasafisha. Wakamwambia ni askari, ameshafukuzwa. Fundi akasema rangi haishiki mpaka shaba isuguliwe kwanza, na hiyo ni kazi ya siku mbili ambayo sasa haimlazimu kuifanya, na kwamba mikono ya namna hiyo haitupwi. Sanamu ilitakiwa kupakwa nta mara mbili kwa mwaka, na hakuna aliyekuwa ameipaka tangu mchongaji afe. Yaani Zefania alikosea rangi, lakini kwamba haina mtu wa kuitunza, hapo alikuwa sahihi.

Halmashauri ilikaa. Mzee mmoja alipinga, akasema hawezi kulala akijua yule bwana yuko karibu na pembe. Bi Perlman akamuuliza, ni nani mwingine angekuja mwenyewe kusema ni mimi, hali kamera haikumwona. Mwisho walielewana kwa sharti moja, na mzee yule akataka sharti liandikwe. Ndiyo maana barua ya tarehe 2 Mei 2005, inayosema Zefania Mwakipesile ameajiriwa na makumbusho kuwa mtunzaji wa jengo na sanamu, ina mstari wa mwisho usemao kwamba mwajiriwa haruhusiwi kuikaribia sanamu akiwa na ndimu, limau, au tunda lingine lolote chachu.

Barua ndiyo hiyohiyo iliyokwenda Nairobi. Nyingine hakuwa nayo. Na Bupe alikuwa hajui lolote, kwa sababu Zefania hakutaka kumtia hofu.

Tarehe 7 Juni, Bupe na Edna walisimama dirishani ubalozini. Walikuwa wamesafiri kwa basi toka Mbeya na kulala kwa dada yake Gitau. Ofisa wa kizungu aliuliza, na mtafsiri wa ubalozi, dada wa Kikenya, akatafsiri. Bupe na mumewe walikuwa wametengana karibu miaka mitano, na ofisa hakuamini kama ndoa bado ni ndoa. Aliuliza rangi ya pazia la chumba cha Zefania, Bupe hakujua. Aliuliza jina la mtaa, Bupe akalikosea. Halafu akafika mstari wa mwisho wa barua, akausoma mara mbili, akamgeukia mtafsiri.

"Mama," dada yule akasema, "huyu anauliza, bwana yako amekatazwa kuikaribia sanamu ya kazini kwake akiwa na ndimu. Ni mgonjwa?"

Bupe akauliza, "Ilikuwa wakati wa Pasaka?"

Ofisa akapekua faili, akaona maelezo ya tukio ambayo makumbusho waliyaambatanisha na barua. "Tarehe 26 Machi."

"Jumamosi?"

"Ndiyo, Jumamosi."

"Hiyo sanamu ni ya shaba?"

"Imeandikwa ni ya shaba."

Bupe akaweka mkono kiunoni. "Basi ni mume wangu huyo," akasema. "Mwambie sihitaji hata picha. Miaka kumi nyumbani kwangu, Jumamosi ya Pasaka sijawahi kukuta ndimu ya kutia kwenye samaki. Alimaliza besi akaingia kwenye vijiko. Alimaliza vijiko akasugua kitasa cha mlango. Na mimi nilimwambia, Zefa, ipo siku utasugua kitu cha watu."

"Na kengele ya shule," Edna akaongeza kwa sauti ndogo. "Alisugua kengele ya shule yetu. Mwalimu mkuu alidhani imeibwa, ikaletwa nyingine."

Dada wa Kikenya alitafsiri huku akijizuia. Ofisa akagonga muhuri.

Walitua uwanja wa ndege wa Dulles Jumamosi tarehe 13 Agosti 2005. Zefania alikuwa amefika pale saa nne kabla ya ndege. Edna hakumtambua mpaka alipomwona anakunja mikono ya shati. Mtoto wao wa pili, Ethan, alizaliwa tarehe 21 Mei 2006, na akina mama wa kanisani waliokaa kuhesabu miezi tuliwasikia.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba alipaka nta, na wanafunzi waliokuja na mabasi ya njano walimkuta kwenye ngazi wakamuuliza ile pembe inasema nini. Aliwajibu kwa Kiingereza chake: "Inasema amka, watu wako wapo hapa." Bi Perlman alisema maelezo ya kwenye kibao ni marefu zaidi lakini si bora zaidi.

Mwezi Juni 2009 alianza kulalamika tumbo. Madaktari wa Silver Spring waligundua saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshakwenda mbali. Aliugua kwa adabu, bila kusumbua wauguzi, isipokuwa kwamba alisahihisha namna wanavyofuta reli ya kitanda.

Mwezi Septemba kaka yake mkubwa, mzee Anyosisye, alipiga simu toka Rungwe kupanga namna ya kumrudisha nyumbani mambo yakifikia hapo. Simu ilikuwa ya sauti ya wazi, na waliokuwa chumbani walisikia.

"Mdogo wangu, pembeni ya baba pana nafasi. Tumeshapasafisha."

"Asante, kaka. Lakini mimi nitabaki hapa."

"Hapo kwa nani?"

"Kwa Bupe na watoto. Nilishawaacha uwanja wa ndege mara moja, ikachukua miaka mitano kuonana. Nikirudi huko kwenye sanduku, nitakuwa nimewaacha tena. Sirudii."

"Na nani atakupalilia?"

"Bupe. Wewe una magoti mabovu."

Kaka yake akacheka, na baada ya kucheka akakubali.

Marehemu Zefania aliaga dunia Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2009, saa kumi jioni, Bupe akiwa amemshika mkono, Edna akiwa amemshika mwingine, na Ethan akiwa amelala miguuni kwake. Ameacha mke mmoja, watoto wawili, kaka mmoja, dada wawili, na wapwa wengi wa Rungwe na wa hapa. Anazikwa leo hapa Adelphi, na kutoka mlangoni kwao Langley Park mpaka hapa ni basi moja tu.

Mungu ampe Zefania pumziko la amani, karibu na watu wake.